3L si Lita Tatu

Kwenye maduka ya spea ya Igunga, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, swali la kwanza muuzaji analouliza ni moja: injini gani? Mteja atajibu 3L, 5L, 1KZ au 1HZ bila kusita. Kutaja anajua. Kuelewa anachokitaja ni jambo jingine, na hapo ndipo hela za watu zinapopotea.

Kosa lililoenea ni kudhani tarakimu ya mwanzo ni lita. Hiace ya 3L haina lita tatu, ina cc 2,779. Ile ya 5L haikaribii lita tano. Ni cc 2,986. Tarakimu hiyo inaonyesha toleo tu ndani ya ukoo wa injini, na toleo la baadaye si lazima liwe kubwa: 1NZ ina cc 1,496, ilhali 2NZ ina 1,298. Vipimo hivi vinavyokoma karibu kabisa na 1,500, 2,000 au 3,000 vina sababu. Kule Japani kodi ya mwaka ya gari dogo hupanda kila nusu lita, kwa hiyo 3S ya Noah ikaishia cc 1,998.

Tabia ya injini inasomeka baada ya kistari. T ni tabo, E ni mfumo wa mafuta unaoongozwa na kompyuta. 1KZ-TE inavyo vyote viwili. 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990 na inayosukuma Land Cruiser nyingi za mkonga, haina hata kimoja, na ndiyo maana naipenda. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ya Wembere, masika yakiwa yamekolea, injini ambayo fundi anaweza kuifungua kwa spana bila kuunganisha kompyuta ni hazina.

Lakini hata cc peke yake haitoshi. 1HZ na 1HD-T zote zina silinda sita na cc 4,164 zilezile. Tofauti yao imejificha juu ya pistoni. Katika 1HZ, dizeli hunyunyizwa kwanza ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi. Moto huanzia humo, kisha hutoka kwa kasi kuisukuma pistoni. Katika 1HD-T nozeli hunyunyiza moja kwa moja kwenye bakuli lililochongwa kichwani mwa pistoni. Silinda hedi ya moja haiwezi kuifaa nyingine. Na wanaoifunga tabo 1HZ ili iwe na nguvu kama mwenzake huishia kupasua silinda hedi, kwa sababu vile vyumba vidogo hubeba joto kali mno.

Jibu la ubishi wote huu liko kwenye kibati cha kiwandani, ambacho Land Cruiser hukibeba ukutani nyuma ya injini. Kimeandikwa HZJ79, kwa mfano. HZ ni injini iliyozaliwa na gari, J ni Land Cruiser, na 7 ni ule mtindo wa sabini. Hiace iliyoandikwa LH ilitoka na injini ya L, KZH ilitoka na 1KZ, TRH ni ya petroli. Ukikuta kibati cha LH na 1KZ imekaa ndani, injini imebadilishwa njiani. Kubadilisha si kosa. Kosa ni kuacha kadi ya gari iendelee kutaja namba ya injini ambayo haimo tena.

Kibati hicho mafundi rangi wetu hukipulizia rangi kama kipande chochote cha bodi, au hukibandua wakakitupa. Nadhani ni uharibifu sawa na kuchana cheti cha kuzaliwa. Gari la wagonjwa linaweza kulala juu ya mawe miezi mizima kwa kuletewa gasketi isiyo yake, wakati jibu lilikuwa limegongwa kwenye bati tangu siku ya kwanza.

Kuijua injini kuna matumizi mengine pia: kuagiza ringi na bearingi, bima, ukaguzi wa trafiki, kukadiria ushuru wa TRA unaopanda injini ikivuka cc 1,000 na tena 2,000, kutambua gari la wizi, na kulinganisha kadi na namba iliyogongwa kwenye bloku kabla hujalipa.