Ukitaka Kwenda Likizo Molokai

Ndugu msomaji, pengine una mtoto anayefanya kazi ng'ambo, na siku moja atakuandikia: "Baba, njoo tupumzike pamoja Hawaii." Usicheke, mambo hutokea. Basi tuifikirie safari hiyo tangu leo.

Hawaii ni visiwa vya Polinesia, katikati ya bahari ya Pasifiki. Ni mbali mno: hapa Afrika ya Mashariki ikiwa Jumapili saa sita mchana, kule bado ni Jumamosi saa tano usiku. Tangu mwaka 1959 visiwa hivyo ni jimbo la Marekani. Kwa hiyo jambo la kwanza ni pasipoti, la pili ni viza ya Marekani. Usilipe nauli kabla ya kuzipata.

Wageni wengi huenda huko kuogelea na kuota jua. Si vibaya. Lakini sisi Wakatoliki tusirudi bila kufika kisiwa cha Molokai. Kaskazini yake kuna rasi iitwayo Kalaupapa. Pande tatu ni bahari, na upande wa nne ni ukuta wa mlima mrefu ajabu. Tangu mwaka 1866 wenye ukoma walipelekwa huko kwa nguvu ya sheria. Mume alitengwa na mkewe, mtoto na mama yake. Sheria ile ilipofutwa mwaka 1969, watu kama 8,000 walikuwa wamekwisha pelekwa.

Tarehe 10 Mei 1873 alifika kwao Padre Damien, Mbelgiji mwenye umri wa miaka 33. Aliosha vidonda, alijenga nyumba, alichonga majeneza, alichimba makaburi. Mwishowe ugonjwa ukamshika naye pia, akafa tarehe 15 Aprili 1889. Sista Marianne Cope, aliyefika mwaka 1888, akaendelea na kazi. Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliwatangaza wote wawili kuwa Watakatifu: Damien mwaka 2009, Marianne mwaka 2012.

Lakini Kalaupapa haiendwi kama sokoni. Lazima upate kibali kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi. Usimpige picha mwenyeji bila idhini yake. Mwaka 2020 wageni walizuiwa kwa sababu ya korona. Basi uliza habari mapema. Tena kumbuka kwamba sheria ilipofutwa, wagonjwa wengi walichagua kubaki, maana ndipo palikuwa nyumbani kwao. Mtu hatazamwi nyumbani kwake kama mnyama wa porini.

Na nauli isipopatikana? Wengi wetu haitapatikana. Basi anza ziara yako kijijini. Je, yupo jirani anayefichwa chumba cha nyuma? Yupo ndugu mwenye baka jeupe au jekundu lisilosikia akichomwa na mwiba? Mpeleke zahanati upesi, kabla vidole havijaharibika. Siku hizi ukoma unapona kabisa kwa vidonge, miezi 6 au 12, na dawa hutolewa bure. Akianza kuzimeza, muda si mrefu hawezi kuambukiza wengine. Kwa hiyo usimtengee sahani wala benchi kanisani.

Padre Damien alikaa melini zaidi ya miezi minne hata kufika Hawaii. Nyumba ya jirani yako iko umbali gani?