Tandiko kwanza, punda baadaye: tupime mgongo kabla ya kupakia mzigo



Katika mikutano yetu ya likirimba, wazo moja limerudi mara nyingi: kuweka feza pamoja na kununua punda wa kikundi. Punda abebe maji, kuni, makala, maharagi na viazi, nasi migongo yetu ipumzike. Ni wazo zuri, na tunaliunga mkono. Lakini kila mara tunapohesabu feza, tunahesabu bei ya mnyama, tunahesabu zizi, tunahesabu hata kamba. Kitu kimoja hakimo katika hesabu: tandiko.

Tandiko ni kile kinachokaa kati ya mgongo wa mnyama na mzigo. Punda asiye na tandiko lililopimwa kwa mgongo wake atafanya kazi majuma machache, halafu atatoka kidonda. Akitoka kidonda atasimama zizini, anakula bila kubeba. Mzigo utarudi kwenye paji la uso la mama, na feza ya kikundi itakuwa imelala. Kwa hiyo juma hili tunaomba tujifunze pamoja namna ya kuchagua tandiko, maana hapa Bihambwe ng'ombe tunamjua vizuri, lakini punda tunamjua kidogo.

Yale tunayoyajua tayari

Mwanamke wa Masisi hahitaji mwalimu wa kumwambia uzito ni nini. Tunabeba kwa kamba ya paji la uso, mzigo nyuma mgongoni, tukipanda na kushuka vilima. Tunajua kwamba kamba nyembamba inakata, ndiyo maana tunakunja kikwembe na kukiweka chini yake. Tunajua kwamba mzigo unaolegea unachosha kuliko mzigo mzito uliofungwa vizuri. Tunajua kwamba ukielemea upande mmoja, usiku kiuno hakilali. Na tunajua kwamba kiazi kimoja kilichokaa vibaya ndani ya mfuko kinaweza kuumiza njia nzima.

Mgongo wa punda unafuata sheria hizo hizo. Tofauti ni mbili tu. Ya kwanza, punda hawezi kusema, "Simama, nipange upya." Ya pili, uti wake wa mgongo uko juu kabisa, mfupa umefunikwa na ngozi na nyama kidogo. Mzigo ukikaa juu ya mfupa huo, ngozi inabanwa, damu haipiti vizuri, na kidonda kinaanzia ndani kabla hatujakiona nje. Pembeni ya uti, upande wa kuume na wa kushoto, kuna nyama na mbavu. Hapo ndipo uzito unapotakiwa kukaa. Kazi yote ya tandiko ni hiyo: kuondoa uzito juu ya uti na kuugawanya pande mbili.

Wengine wamefanyaje?

Kule Lamu, kwenye pwani ya Kenya, njia za mji wa zamani ni nyembamba na punda ndiye anayebeba mchanga, mawe na simenti. Watu wa pwani wana kifaa chao kinachoitwa shogi: mifuko miwili iliyosukwa na kuunganishwa, mmoja unaning'inia kuume na mwingine kushoto, na chini yake kuna tandiko laini. Tangu mwaka 1987 iko kliniki ya punda katika mji huo, iliyoanzishwa na shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary. Kwa Wamaasai wa Kenya na Tanzania, punda ni mnyama wa mama: wanawake ndio wanaompakia maji, na vyombo vya nyumba wakati wa kuhama.

Wengi wetu tumeona katika filamu lile tandiko kubwa la ngozi la wachunga ng'ombe wa Marekani, lenye pembe mbele ya kufungia kamba. Mtu anaweza kufikiri ni pambo. Lakini ndani ya ile ngozi kuna kiunzi, ambacho tangu zamani kilichongwa kwa mti. Kiunzi hicho kina vibao viwili virefu, kimoja kila upande wa uti, na katikati yake kuna nafasi wazi kama mfereji. Vibao hivyo ndivyo vinavyobeba mtu. Wanaoyatengeneza wanajua kwamba farasi hawafanani: mnene mwenye mgongo wa duara anahitaji vibao vilivyotanuka, mwembamba mwenye mabega yaliyoinuka anahitaji vilivyosimama zaidi, na farasi wa Kiarabu, ambaye mgongo wake ni mfupi, anahitaji vibao vifupi. Tandiko zuri kwa mmoja ni mateso kwa mwingine.

Tandiko la mbao la kubebea mizigo limejengwa kwa njia hiyo hiyo: vibao viwili pembeni, na juu yake miti minne midogo iliyofungwa mbili mbili, imepishana kama msalaba uliolala. Fundi wa mbao wa kijijini anaweza kulitengeneza, akipewa kipimo.

Migongo haifanani

Kabla ya kununua, tutazame punda mwenyewe. Aliyekonda ana uti uliochongoka kama paa la nyumba. Anahitaji mito minene zaidi na nafasi pana katikati, na zaidi ya yote anahitaji kula kabla ya kufanya kazi. Mnene ana mgongo wa duara, na tandiko linapenda kuzunguka hadi tumboni. Lake lazima litanuke vizuri. Mzee huwa amebonyea katikati ya mgongo. Kibao kilichonyooka kitamgusa mbele na nyuma tu, na sehemu hizo mbili zitabeba uzito wote. Mwenye mimba anabadilika umbo mwezi hata mwezi. Mimba ya punda ni karibu mwaka mzima, na katika miezi ya mwisho hapaswi kupakiwa. Punda mdogo pia tumwache akue: mifupa yake haijakomaa kabla ya miaka minne hivi.

Kisha tujue kwamba punda si farasi. Mabega ya farasi yameinuka na yanazuia tandiko lisiteleze mbele. Ya punda yako karibu sawa na mgongo. Kwenye vilima vyetu jambo hili ni kubwa. Akishuka, tandiko linamkimbilia shingoni. Akipanda, linarudi kiunoni, mahali ambapo hakuna mbavu za kulishikilia. Basi tandiko la huku lazima liwe na mikanda mitatu: wa tumbo, wa kifua, na wa nyuma unaozunguka mapaja. Bila mkanda wa nyuma, watu hukaza sana ule wa tumbo ili kuzuia tandiko, na hapo wanaanzisha kidonda kingine nyuma ya miguu ya mbele.

Kupima kwa waya na karatoni

Kipimo hiki hakina gharama. Tunahitaji waya mnene unaokunjika na kubaki ulivyo, karatoni na kalamu.

Msimamisheni punda mahali pa usawa, miguu yote minne imesimama vizuri. Tafuteni kwa vidole mfupa wa bega unapoishia. Nyuma yake kidogo, lazeni waya kukatisha mgongo, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mwukandamize hadi ufuate umbo la mgongo. Mwuondoe taratibu, mwulaze juu ya karatoni na kuchora mstari. Fanyeni hivyo tena katikati ya mgongo, na mara ya tatu karibu na ubavu wa mwisho. Andikeni kwenye kila mchoro: mbele, katikati, nyuma. Kateni karatoni, na muirudishe juu ya punda kuona kama inakaa bila kuacha tundu.

Kutoka mstari wa kwanza hadi wa tatu ndipo mahali pa tandiko. Lisikae juu ya mfupa wa bega, maana mguu wa mbele hautatembea vizuri. Lisivuke ubavu wa mwisho, maana kiuno hakina cha kulibeba. Mpelekeeni fundi karatoni zote tatu, achonge upande wa chini wa vibao kuzifuata, na alainishe kingo zote.

Chini ya vibao wekeni mito miwili ya unene sawa. Gunia la katani lililojazwa majani makavu na kushonwa vizuri linafaa, na blanketi la pamba au sufu chini yake. Sponji peke yake ni laini mkononi, lakini chini ya mzigo inajikunja na kuwa kama karatasi. Mifuko ya plastiki na kamba za nailoni zisiguse ngozi: zinapasha moto na kukata. Mikanda iwe na upana wa kiganja.

Tandiko likishafungwa na kupakiwa, fanyeni mambo mawili. Inameni nyuma ya punda na mtazame chini ya tandiko: lazima muone mwanga hadi upande wa mbele, juu ya uti. Kisha pitisheni kiganja kilicholala chini ya mkanda wa tumbo: kinapita kwa kubanwa kidogo. Kikizuiwa, legezeni, kikipita wazi, kazeni.

Hesabu ya uzito

Kanuni inayofundishwa ni kwamba punda asipakiwe mgongoni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na tandiko likihesabiwa ndani. Punda wengi wa Afrika ya Mashariki ni wadogo. Tuchukue mwenye kilo 150: theluthi yake ni kilo 50. Bidoni mbili za maji za litri 20 ni kilo 40 na kidogo. Mkiongeza tandiko la kilo 8, mmefika. Bidoni nne ni nyingi mno kwake. Gunia la kilo 100 si mzigo wa punda mmoja hata kidogo. Na kwenye mlima mkali, au kwenye matope, tupunguze tena.

Kuna atakayesema, "Lakini amesimama nalo, anaweza." Sisi wenyewe tumesimama mara nyingi na mizigo iliyotuvunja. Kusimama nao si dalili kwamba mzigo ni wa haki.

Mvua yetu

Manyoya ya punda hayazuii maji vizuri kama ya farasi. Asili yake ni nchi kavu. Hapa kwetu mvua haituachi kwa muda mrefu. Blanketi lililolowa linasugua ngozi iliyolowa, na kidonda kinakuja upesi. Kwa hiyo kikundi kiwe na blanketi mbili kwa kila punda, moja ikauke wakati nyingine inafanya kazi, na zizi liwe na paa na mahali pa kutundika tandiko. Zaidi ya hayo, matope yaliyokauka mgongoni ni kama mchanga ndani ya kiatu: tumsugue kila asubuhi kabla ya kumfunga.

Kusoma mgongo kila jioni

Mnapoondoa tandiko, msiharakishe kwenda jikoni. Tazameni jasho. Likienea sawa pande zote mbili, tandiko limekaa vizuri. Mkiona doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa, mara nyingi hapo pamebanwa mno. Pitisheni mkono: akishtuka au akibonyeza mgongo chini, anaumwa. Uvimbe au joto ni onyo. Manyoya meupe yaliyoota mahali palipokuwa peusi ni kovu la tandiko baya la zamani. Mtazame hayo pia siku ya kununua.

Kidonda kikishatoka, dawa ya kwanza ni kupumzika. Safisheni kwa maji safi yenye chumvi kidogo, fukuzeni nzi, na mwiteni munganga wa mifugo kama kinanuka au kinatoa usaha. Mafuta ya mashini na maji ya betri visiguse kidonda. Na punda asirudi kazini na tandiko lile lile kabla halijarekebishwa, maana litafungua kidonda kile kile.

Makubaliano kabla ya feza

Punda wa kikundi ana hatari yake: kila mtu ni mwenyewe, na hakuna mwenyewe. Jirani ataomba aazimwe siku ya soko. Kijana wa kumchunga ataongezewa gunia njiani kwa malipo madogo. Baada ya kununua punda wa pili, mtu atasema tandiko moja linawatosha. Tuamue mapema. Shauri letu ni kwamba kila punda awe na tandiko lake lenye alama yake, tandiko lisiazimwe kwa mgongo mwingine bila kupimwa, na mama mmoja kwa kila juma awe na kazi ya kutazama mgongo jioni, akiwa na haki ya kusema, "Kesho hafanyi kazi," bila kubishana.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kijibu maswali haya:

1. Katika hesabu yetu, tandiko, mikanda mitatu na blanketi mbili vina bei gani?
2. Ni fundi gani wa mbao kwetu anayeweza kuchonga kwa kufuata karatoni?
3. Nani atatazama mgongo katika mwezi wa kwanza?
4. Mzigo mkubwa tutakaoruhusu ni kilo ngapi, na nani atapima?

Kikundi ambacho bado hakina majibu manne kisinunue mnyama. Kiendelee kuweka feza, na kianze na tandiko.