Ozi: damu ya ujana na mto wenye mamba

Kijijini Ozi, karibu na Kipini ambako Mto Tana huingia Bahari ya Hindi, hata mtoto mdogo anajua kwamba majini mna mamba na viboko. Hata hivyo, joto likizidi vijana hujitosa mtoni, na anayefika mbali zaidi ndiye hushangiliwa.

Wazee husema ni damu ya ujana. Elimu ya saikolojia haiwapingi. Mwaka 1964, Marvin Zuckerman wa Marekani na wenzake walichapisha kipimo cha hamu ya msisimko, kwa kuwa watu hawalingani: mmoja hutosheka na aliyoyazoea, mwingine hukosa raha mpaka ajaribu jipya. Mwaka 2005, Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu mchezo wa gari kwenye kompyuta. Wenye miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi wenzao walipokuwa kando yao. Wenye miaka 24 na zaidi hawakubadilika sana.

Kwa hiyo kumkanya kijana peke yake nyumbani hakutoshi. Onyo lifike kwenye kundi, ukingoni, kutoka kwa mwenzao wanayemheshimu. Tuna methali isemayo mwana akililia wembe mpe. Mtoni haifai, kwa sababu mamba hafundishi mara mbili.

Lakini mama anayeshuka na ndoo kwenye mto huohuo hatafuti msisimko. Anatafuta maji. Kumwita mzembe ni kumdhulumu. Dawa yake ni bomba, si mawaidha.

Kuna pia mkulima wa mpunga ambaye maji ya chumvi yamepanda mtoni hadi shambani mwake. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba mtu aliyekabiliwa na hasara huwa tayari kubahatisha ili asiipate. Mkulima huyo akijaribu zao jingine, au akiingia baharini kuvua bila uzoefu, anasukumwa na hasara hiyo.

Tusiwaweke watatu hawa kapu moja. Serikali ya kaunti impe mama maji salama na mkulima ushauri wa kilimo. Kijana naye tusimzimie moto wake. Apewe jambo jipya lenye ugumu wa kweli: kupanda mikoko, kulinda msitu wa Ozi, kujaribu mbegu zinazostahimili chumvi. Huko nako atashangiliwa na wenzake, na kijiji kizima kitafaidika na ujasiri wake.