Kuhesabu Viwanja, Kuhesabu Watu

Mwaka 1997 serikali ya Afrika Kusini ilitoa waraka wa kuufanya upya utumishi wa umma, ikaupa jina la Kisotho: Batho Pele, yaani watu kwanza. Kanuni zake ni nane, na ya kwanza ni kushauriana na wananchi kabla ya kuwapangia huduma. Jinsi kanuni hizo zinavyotimia au kukwama huonekana vizuri zaidi kwenye bomba la maji, na bomba lililozua mjadala mkubwa kuliko yote liko Phiri, mtaa mmoja wa Soweto, Johannesburg.

Johannesburg ulizaliwa na dhahabu, si na mto. Maji yake hupandishwa kutoka mto Vaal, ambao nao huongezewa maji ya milima ya Lesotho. Shirika la maji la Rand Water huliuzia jiji maji hayo, na kampuni ya jiji, Johannesburg Water, huyasambaza. Huko Soweto mabomba yaliyotandazwa miaka ya 1940 na 1950 yalikuwa yameoza. Kila kiwanja kilitozwa kana kwamba kimetumia lita 20,000 kwa mwezi, ilhali yaliyoingia yalikaribia lita 67,000, mengi yakivuja ardhini na vyooni. Waliolipa walikuwa wachache. Miaka ya 1980 kususia kodi na bili kulikuwa silaha dhidi ya ubaguzi wa rangi, na baada ya uhuru umaskini haukuondoka. Jiji basi lilikuwa na tatizo la kweli, na halikustahili kulaumiwa kwa kutaka kulitatua.

Dawa yake ilikuwa mradi ulioitwa kwa Kizulu Operation Gcin'amanzi, yaani tunza maji, ulioanzia Phiri. Mabomba yalibadilishwa, zikafungwa mita za kulipia kabla. Mtanzania aifikirie Luku na Mkenya afikirie tokeni za umeme, ila hapa kinachokatika ni maji. Kila kiwanja kilipewa lita 6,000 za bure kwa mwezi. Zikiisha, mtu anunue au asubiri mwezi mwingine.

Lita 6,000 kwa siku 30 ni lita 200 kwa siku. Kwa kaya ya watu 8, kila mmoja ana lita 25, na hicho ndicho kiwango cha chini kilichowekwa na serikali kuu. Lakini kiwanja cha Soweto mara nyingi si kaya moja. Nyuma ya nyumba kuna vibanda vya uani, na ndani yake wapangaji, watoto wa ndugu, bibi aliyetoka kijijini. Wakifika 16, fungu la kila mmoja ni lita 12 na nusu, pungufu ya ndoo moja ya lita 20. Choo cha kuvuta cha zamani humeza lita 10 au zaidi kwa mara moja. Kila mtu akienda chooni mara moja tu, kinachobaki cha kupikia, kufua na kumwogesha mgonjwa ni kama lita 2 kwa mtu. Huo ndio ufa mkubwa wa mpango mzima: mita ilihesabu kiwanja, wakati wenye kiu ni watu.

Mwaka 2006 wakazi watano wa Phiri walikwenda mahakamani, wakiegemea kifungu cha 27 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya kupata maji ya kutosha. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Mazibuko. Aprili 2008 Jaji Tsoka wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kila mtu apewe lita 50 kwa siku na kwamba mita hizo ni kinyume cha sheria. Aliona ubaguzi pia: mkazi wa mitaa ya kitajiri huletewa bili, na akichelewa hupewa notisi na nafasi ya kujieleza kabla ya kukatiwa, ilhali wa Phiri hukatiwa na mashine isiyosikiliza mtu. Mahakama ya Rufaa ilishusha kiwango hadi lita 42. Kisha, Oktoba 2009, Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Kate O'Regan, ilitengua yote. Kupanga kiasi cha maji, ilisema, ni kazi ya serikali na si ya majaji; sera ilikuwa ya busara, na mita kusimamisha maji si sawa na kukatiwa.

Wakazi walishindwa, lakini kesi ilikuwa imeshafanya kazi ambayo mashauriano yangepaswa kuifanya mapema. Ilililazimu jiji kueleza hesabu zake hadharani, na kesi ikiwa bado inaendelea liliongeza akiba ya lita 4,000 kwa mwaka kwa dharura na kuwapa maskini waliojiandikisha fungu kubwa zaidi, hadi lita 50 kwa mtu kwa siku kwa walio hoi kabisa. Kwa mara ya kwanza idadi ya watu waliomo uani ikawa na uzito. Jiji lilikuwa limejitetea kwamba kuwahesabu ni vigumu kwa sababu wapangaji huhamahama, na ugumu huo upo. Daftari la maskini nalo lilikuwa na kasoro yake: lilimtaka mtu aende ofisini kuthibitisha umaskini wake, na asiyekwenda, kwa aibu, kwa kukosa nyaraka au kwa kutojua, alibaki na lita zilezile 6,000 za kiwanja.