Saratani ya Utumbo: Jeni Iliyonyamaza Inasema Nini?

Mpenzi msikilizaji, hivi karibuni nilipokea barua kutoka kwa msikilizaji mmoja ambaye baba yake amefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Uvimbe umeondolewa wote, matezi ya jirani yamekutwa safi, na daktari ameandika kuwa ugonjwa ulikuwa wa daraja la pili. Sasa familia imegawanyika. Kaka mkubwa anataka mzee aongezewe dawa kali za saratani; mama anasema mzee aachwe apumzike, kwani amekwisha pona. Msikilizaji wetu anauliza amsikilize nani.

Swali hilo limewasumbua hata madaktari. Mwaka 1932 Dk. Cuthbert Dukes wa hospitali ya St Mark's, London, aliigawa saratani ya puru katika madaraja kwa kuangalia uvimbe umepenya kiasi gani na kama umefika kwenye matezi. Madaraja ya leo yamejengwa juu ya msingi huo. Lakini daraja hueleza ugonjwa umefika wapi. Halielezi una tabia gani. Wazee wawili wa daraja moja wanaweza kupasuliwa siku moja, mmoja akaishi hadi kuona vitukuu, na mwenzake saratani ikamrudia baada ya miaka miwili.

Basi kwa nini wote wasipewe dawa? Kwa sababu dawa hizo si mchezo. Huweza kuleta kuhara, vidonda vya mdomo, na kupungua kwa chembe za damu zinazopigana na maradhi. Utafiti mkubwa ulioitwa QUASAR, uliochapishwa mwaka 2007, uliwahusu wagonjwa 3,239, wengi wao wa daraja la pili. Ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa aina hiyo dawa huokoa maisha ya watu 3 au 4 zaidi katika kila 100. Waliobaki wote huipata adha ya dawa, ilhali wengi wao wangepona bila ya dawa hizo. Kazi, basi, ni kuwatambua hao wachache.

Hapo ndipo inapoingia habari ya jeni. Chukua mfano wa kituo cha redio. Katika maktaba yetu zimo kanda maelfu, lakini wewe nyumbani unasikia ile tu iliyowekwa hewani. Kila chembe ya mwili nayo ina takriban maktaba ileile ya jeni. Chembe ya utumbo hutofautiana na ya ngozi kwa sababu kanda zinazopigwa ni tofauti. Wataalamu wakipima ni jeni zipi zinafanya kazi ndani ya uvimbe na zipi zimenyamaza, wanaanza kuijua tabia yake.

Moja ya jeni hizo inaitwa CDX2. Ni kama msimamizi wa vipindi: huamuru jeni nyingine zifanye kazi, ili chembe ikue na kuwa chembe ya utumbo kweli. Ikinyamaza, chembe husahau malezi yake, na wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwezi Januari 2016 Dk. Piero Dalerba na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la New England Journal of Medicine. Katika kundi la kwanza la wagonjwa 466, wale 32 ambao CDX2 yao ilinyamaza, 41 katika kila 100 walitimiza miaka 5 bila ugonjwa kurudi. Kwa wenzao ilikuwa 74. Aidha, kati ya wagonjwa wa daraja la pili wasio na CDX2, waliopewa dawa walikuwa 91 katika 100, na wasiopewa 56.

Lakini tusishangilie upesi. Takwimu hizo zilitokana na kupekua mafaili ya zamani, na wasio na CDX2 walikuwa wachache. Tena si kila ukimya ni ishara mbaya. Katika daraja la pili, uvimbe uliopoteza protini za kusahihisha makosa ya jeni mara nyingi huwa na matumaini mazuri zaidi. Na takwimu husema juu ya kundi. Hazimtajii mzee wako siku yake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba protini hizi huonekana kwa kutia rangi maalumu kipande cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini. Kipande hicho huhifadhiwa ndani ya nta, hivyo kinaweza kupimwa hata baada ya upasuaji.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniandikia, mimi si daktari na sitaamua ugomvi wenu. Nendeni pamoja, kaka na mama, mkamuulize daktari maswali manne: Je, matezi yaliyochunguzwa yalifika angalau 12? Je, utumbo ulikuwa umeziba au kutoboka? Je, protini za kusahihisha jeni zimepimwa? Na CDX2 je? Halafu mzee mwenyewe aulizwe anataka nini, maana mwili ni wake.

Nanyi wengine, mkiona damu chooni msione haya, wahini hospitali. Hadi wiki ijayo, panapo majaaliwa, kwaherini.