Posho ya Kompani na Musaada wa Kanisa

Iko neno moja ambalo kila familia ya kambi ya kazi inalijua: posho. Waulizeni wazee. Wakati wa Union Minière, na kiisha wakati wa Gécamines, kompani ilitoa nyumba, ospitali, shule na mufuko wa unga. Watu walizoea kusema: «Kompani njo baba, njo mama.» Mutoto wa mufanyakazi alizaliwa mu ospitali ya kompani, akasoma mu shule ya kompani, na akangojea siku yake ya kuingia kazi kama baba yake.

Lakini baba huyo alianguka. Mwaka 1990 mine ya Kamoto, karibu na Kolwezi, ilibomoka. Miaka iliyofuata mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka mu kazi, kwa mupango uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Nyumba nyingi zilibaki bila mushahara. Njo hapo baba alichukua nyundo na mufuko, akashuka mu shimo. Mama naye akaenda kuosha mawe mu maji, na watoto wakamufuata.

Juu ya nini tunakumbusha habari hizi? Kwa sababu wengi wetu tunaangalia Kanisa kwa macho yale yale tuliyoangalia kompani. Tunauliza: «Parokia itatupa nini?» Na pengine parokia inaingia mu mutego: inagawanya unga siku ya Noeli, watu wanapiga mikono, kiisha mulango unafungwa mpaka Noeli ingine. Je, musaada wa namna hii unainua mutu, ao unamufundisha kungojea tu?

Twende Kolwezi, maana kule mambo yanaonekana wazi. Mwaka 2012 masista wa Mchungaji Mwema, wale watu wanaita Bon Pasteur, walifika mu muji huo. Shirika lao lilianzishwa Angers, mu Ufaransa, mwaka 1835, juu ya kusaidia wasichana na wamama walio mu taabu. Aliyeanzisha kazi ya Kolwezi ni Sista Catherine Mutindi, mutu wa Kenya.

Mujue kwamba Kolwezi inakaa juu ya shaba na kobalti. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, ile inayoingia mu betri za telefone na za motokari za umeme. Mwaka 2014 watu wa kartie ya Kasulo walivumbua kobalti chini ya miguu yao. Wakachimba mu parsele, wengine hata ndani ya nyumba. Mutoto anayekomaa mahali kama pale anaona feza ndani ya udongo. Shule inakuwa mbali na fikara yake.

Masista hawakuanza na kugawanya mifuko. Walianza na kusikiliza. Waliuliza watu: muko na nini? Munajua kufanya nini? Munatamani nini juu ya watoto wenu? Ni maulizo ya heshima. Mutu ambaye kila siku anaulizwa «unakosa nini?» anajiona mukosefu. Yule anayeulizwa «uko na nini?» anaanza kuhesabu mikono yake, shamba lake, jirani zake.

Kiisha walikusanya watoto wa mu mine, wakawafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, na wakawapa chakula. Musiseme kwamba chakula hicho ni posho tena. Fanyeni hesabu kidogo. Mutoto akiosha mawe, jioni analeta feza ya unga. Ukimutoa kule na kumuweka mu darasa, bukari ya siku ile itatoka wapi? Mama atakujibu: «Sista, shule ni muzuri, lakini leo tutakula nini?» Na mama huyo hana kosa. Tumbo la leo halingojei diplome.

Lakini kulisha mutoto tu hakutoshi, kwa sababu siku chakula kinakwisha, atarudia mawe. Kwa hiyo kazi ya pili ilikuwa kusimamisha wazazi, zaidi wamama: kushona, kupika kwa kuuzisha, kulima kwa pamoja, kuweka akiba. Mama akipata feza yake bila mutoto kuingia mu maji machafu, yeye mwenyewe atamusukuma mutoto kwenda shule. Hapana lazima ya kumulazimisha.

Kazi ya tatu ni kufundisha watu haki zao. Kodi ya Madini ya mwaka 2002, iliyosahihishwa mwaka 2018, inapatia karte ya kuchimba mutu mukubwa tu, hapana mutoto. Sheria ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumutia mu kazi mbaya namna hii. Familia inayojua sheria inaweza kusimama mbele ya munuzi wa mawe na mbele ya chefu. Kanisa haliwezi kuchukua nafasi ya Serikali wala ya kompani. Linaweza kusaidia watu kuwakumbusha kazi yao.

Mwaka 2019 Sista Catherine alipokea zawadi ya Opus, dola milioni 1, mu Marekani, juu ya kazi ya Kolwezi. Lakini musifikiri kwamba bila milioni hamuwezi kufanya kitu. Kazi ilianza zamani kabla ya zawadi.

Sasa ni zamu yenu. Mu shirika zenu za wakristu, hesabuni watoto wasiosoma, nyumba kwa nyumba, na muulize sababu ya kila mumoja. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za Serikali, hata zile zinazoongozwa na Kanisa, hazipaswi kulipisha minerval. Lakini daftari, viatu na uniforme vinabaki juu ya muzazi, na mara nyingi ni hapo mutoto anakwama. Likelemba ya wamama kumi inaweza kumaliza shida hiyo.

Na wewe kijana uliyemaliza sekondari na unakaa bure siku ya posho: saa mbili zako zinatosha kufundisha watoto watano kusoma. Ubao uko mu sakristia, benchi ziko mu kanisa. Umuombe padri funguo.