Kuipima Shule ya Msingi ya Pembezoni mwa Jiji

Wazazi wengi wa Mbagala au Chanika, jijini Dar es Salaam, huihukumu shule ya serikali kwa wastani wake katika mtihani wa darasa la saba, yaani jumla ya alama za watahiniwa ikigawanywa kwa idadi yao, ingawa kipimo hicho hakionyeshi watoto walianzia wapi wala walisoma wangapi katika chumba kimoja, ilhali kiwango cha serikali ni wanafunzi 45.

Kipimo cha haki zaidi ni kulinganisha matokeo ya upimaji wa darasa la nne na yale ya darasa la saba ya kundi lile lile, kwa kuwa tofauti yake, ikizingatiwa idadi ya waliohama na wasiofika mtihanini, ndiyo inayokaribia kudhihirisha kazi ya walimu. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, na lilifanya vyema, maana shule inayochuja wanafunzi mlangoni haishindani kwa haki na ile inayompokea kila mtoto.

Zaidi ya matokeo ya mitihani, mzazi na alikague daftari la hisabati la mwanawe, aone kama makosa yamesahihishwa au yamewekewa alama ya mkasi tu, kisha aulizie hilo katika kikao cha wazazi.